Maji Hupaa, Chumvi Hubaki: Utunzaji wa Samaki wa Tanganyika Nyumbani

Miongoni mwa mambo yanayoweza kumburudisha askari baada ya zamu ndefu, ufugaji wa samaki wa mapambo katika tangi la kioo una nafasi yake. Kazi hiyo haina kelele, haihitaji uwanja mkubwa, na huwafundisha watoto wa nyumbani subira na uangalifu. Kwa wale waliopangiwa kazi katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, tangu Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, iko sababu ya ziada: samaki wanaotafutwa kwa hamu na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani wanaishi papo hapo, katika miamba ya ufukweni.

Hata hivyo, wengi huanza kazi hii kwa furaha na kuimaliza kwa majuto. Tangi hupendeza kwa miezi michache, kisha samaki huanza kupoteza rangi, huacha kuzaa, na hatimaye hufa mmoja mmoja bila dalili ya ugonjwa unaofahamika. Mwenye tangi hushangaa, kwa maana hakuwa mzembe. Kila maji yalipopungua aliyajaza. Kumbe hapo ndipo penye kosa: alijaza maji bila ya kujiuliza ni kitu gani hasa kilichopungua.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo moja. Anayelielewa ataweza kutunza tangi lake miaka mingi kwa vyombo vya kawaida. Asiyelielewa atahangaika hata akiwa na vyombo vya bei kubwa.

KINACHOPAA NI NINI?

Maji yaliyo wazi hupotea kidogo kidogo kwa kugeuka mvuke. Wataalamu huita jambo hili mvukizo. Joto la maji huuzidisha, upepo huuzidisha, na ukavu wa hewa huuzidisha vilevile. Ndiyo sababu nguo hukauka upesi zaidi wakati wa kiangazi chenye upepo, kati ya mwezi Juni na Septemba, kuliko wakati wa mvua.

Yafaa ieleweke vizuri kwamba kinachopaa ni maji matupu. Chumvi, chokaa na madini mengine yaliyoyeyuka ndani ya maji hayapai pamoja nayo. Kila mpishi anaufahamu ukweli huu: sufuria ya maji ya chumvi ikisahauliwa motoni, maji huisha na chumvi hubaki imeganda chini. Utando mweupe ulio ndani ya birika la chai ni ushahidi wa jambo hilo hilo. Tangi la samaki ni birika lisilochemka. Tofauti yake ni mwendo tu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua tangi lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa sentimeta 40, na kina cha maji cha sentimeta 50. Hilo lina lita 200. Kila maji yanaposhuka sentimeta moja, zimepotea lita 4. Tuseme linashuka sentimeta moja kwa juma. Katika majuma 52 ya mwaka zitakuwa zimepaa lita 208, yaani zaidi ya maji yote yaliyomo tangini.

Sasa, mkazi wa Rumonge anapoona maji yamepungua, atafanya nini? Ziwa liko mlangoni. Atachukua ndoo, atateka, na atajaza. Maji ya Ziwa Tanganyika yana karibu nusu gramu ya chumvi na madini katika kila lita. Siku ya kwanza, basi, tangi lake lilikuwa na gramu 100 hivi. Kila juma akijaza lita 4 za ziwa anaongeza gramu 2, wakati mvuke haukuondoa hata gramu moja. Mwaka ukiisha, kama hakumwaga kitu, atakuwa amerundika zaidi ya gramu 200 katika maji yale yale lita 200. Sehemu ya chokaa itaganda kwenye kioo, lakini nyingi ya chumvi hizo zitabaki majini. Samaki waliozaliwa katika Ziwa Tanganyika wataishi katika maji yenye ukali wa ziwa mara mbili, nao mwenyewe akiapa kwamba hakuwapa kitu kingine ila maji ya kwao.

Huo ndio mkasa wa mlinzi mwaminifu anayelinda mlango usiopitiwa na adui. Bidii anayo, kilichopungua ni maarifa ya kuielekeza bidii yenyewe.

ZIWA LENYEWE NI MWALIMU

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mambo ndiyo hayo, kwa nini ziwa lenyewe halikugeuka kuwa bahari ya chumvi? Swali hili ni zuri, na liliwahi kuwasumbua wasafiri wa karne ya 19.

Mwezi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakapita kandokando ya ufuko ambao leo ni wa Burundi, hadi mwisho wa ziwa upande wa kaskazini. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoa maji ziwani au unayaingiza. Wakakuta unaingiza. Ziwa likaonekana kama chombo kisicho na mlango wa kutokea, na hali maji yake yananyweka. Jawabu lilianza kupatikana mwaka 1874, Cameron alipoufikia mto Lukuga katika ufuko wa magharibi, nchini Kongo. Stanley alipopita tena mwaka 1876, mlango huo ulikuwa umezibwa na matete na matope, na ziwa lilikuwa likipanda. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea bonde la mto Kongo, na kina cha ziwa kikashuka karibu mita 10 kabla ya karne ile kwisha.

Mlango upo, lakini ni mwembamba mno ukilinganishwa na chombo chenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 673 na kina kinachofikia karibu mita 1,470. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za maji yanayolipotea hupaa kwa mvuke; Lukuga huchukua kiasi kidogo kinachobaki. Wataalamu wamekadiria kwamba kama maji yangeondoka kwa njia zote mbili, mvuke na mto, ziwa lingehitaji miaka ipatayo 440 kuyabadili yote. Kwa njia ya mto peke yake lingehitaji miaka kama 7,000.

Katika tarakimu hizo mbili kuna somo zima. Kwa kuwa mvuke mwingi hutoka bila chumvi, madini yanayoletwa na mito, hasa Ruzizi utokao Ziwa Kivu, hukaa na kujikusanya. Ndiyo maana maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini kuliko ya maziwa mengi, na kipimo chake cha pH, kinachoonyesha kama maji yana asidi au yana tabia ya magadi, huwa karibu na 9. Na kwa kuwa Lukuga hutoa maji pamoja na chumvi zake, ingawa kwa polepole sana, ziwa halikupita kiasi.

Basi ziwa lina kazi mbili zinazokwenda pamoja. Mvua hurudisha maji matupu yaliyopaa. Mto huondoa sehemu ya maji pamoja na vilivyomo. Anayetaka tangi lake lidumu hana budi kuziiga kazi zote mbili, wala asidhani kwamba moja itatosha badala ya nyingine.

KAZI MBILI ZISIZOCHANGANYWA

Kazi ya kwanza tuiite kujaliza. Kujaliza ni kurudisha kile kilichopaa, na kilichopaa ni maji matupu. Kwa hiyo hujalizwa kwa maji yasiyo na chumvi. Hapa Rumonge maji hayo hutoka mbinguni. Mvua inayokingwa kutoka kwenye paa safi yatosha kabisa, mradi mvua za kwanza baada ya kiangazi ziachwe zioshe vumbi na moshi. Paa la bati lililochakaa lisitumiwe, kwa kuwa madini ya zinki yanayotoka humo ni sumu kwa samaki. Anayekosa maji ya mvua na aweke yale yenye madini machache zaidi anayoweza kuyapata. Kama ni maji ya bomba, ayaache katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana, ili klorini iliyotiwa humo ipate kutoka.

Kazi ya pili ni kubadili. Kubadili ni kutoa sehemu ya maji ya tangi, pamoja na uchafu na chumvi zake, na kutia mengine mahali pake. Hapa ndipo maji ya ziwa yanapofaa, na hapa mkazi wa Rumonge ana bahati ambayo mfugaji wa Berlin au Chicago hana. Huyo wa mbali hununua chumvi na magadi na kuyachanganya kwa mizani ili kuyaiga maji ya Tanganyika. Wa Rumonge huyateka bure. Atoe sehemu moja katika tano ya maji kila juma au kila majuma mawili, kisha atie maji ya ziwa yenye joto lile lile. Asiyateke bandarini penye mafuta ya mashua, wala karibu na midomo ya mito kama Murembwe na Dama wakati wa mvua, bali mahali penye mawe na maji maangavu.

Mpangilio ni huu: jaliza kwanza hadi alama, ndipo ubadili. Mtu akitoa maji kabla ya kujaliza, kisha akajaza yote kwa maji ya ziwa, chumvi ya tangi itazidi ile ya ziwa hata kama hubadili kila juma.

Iko sababu nyingine ya kutoitegemea kazi ya kujaliza peke yake. Mkojo wa samaki na mabaki ya chakula navyo havipai. Tangi linaweza kuwa limejaa hadi juu, maangavu kama chozi, na bado likawa limebeba taka za miezi sita. Katika maji yenye tabia ya magadi kama haya, amonia inayotoka katika taka huwa na sumu kali zaidi kuliko katika maji ya kawaida. Kujaa kwa chombo si ushahidi wa usafi wake.

KUPUNGUZA MVUKE

Mvukizo hauwezi kuzuiwa wote, wala haifai kuzuiwa wote. Lakini waweza kupunguzwa. Kifuniko cha kioo, kilichoachiwa nafasi ndogo ya kupitisha hewa, hufanya kazi kubwa: matone hujikusanya chini yake na kurudi tangini, tena yakiwa maji matupu. Tangi liwekwe mbali na dirisha lenye upepo na mbali na jua la adhuhuri. Pampu ya hewa isirushe matone nje ya tangi. Matone hayo, tofauti na mvuke, huondoka na chumvi zake na kuacha ukoko mweupe kwenye ukingo na ukutani.

Tahadhari moja ni ya Rumonge hasa, kwa kuwa mji huu ni wa mawese. Chombo kilichowahi kuwekwa mawese, hata kikisuguliwa kwa sabuni, kisitumiwe kubebea maji ya tangi. Utando mwembamba wa mafuta juu ya maji hupunguza mvuke, ni kweli. Lakini huzuia pia hewa kuingia, nao samaki hukosa pumzi. Sabuni nayo ni adui vilevile. Tenga ndoo na jerikani mpya, ziandike kwa rangi, na ziwe za tangi tu.

Pamoja na hayo, mvuke usihesabiwe kuwa hasara tupu. Maji yanapopaa huondoka na joto. Lita moja ikipaa katika tangi la lita 200, joto inalochukua latosha kupoza maji yote kwa nyuzi karibu 3, kama joto jingine halikuingia. Kwa hiyo siku ya joto kali, kufungua kifuniko na kupeperusha hewa juu ya maji kutawaokoa samaki, ilimradi mwenyewe akumbuke kujaliza zaidi siku hiyo. Ziwa nalo hufanya hivyo. Pepo za kusini-mashariki za wakati wa kiangazi huyapoza maji ya juu kwa mvuke, huyasukuma, na kusaidia kupandisha maji yenye rutuba kutoka chini. Dagaa na mikeke wanaouzwa sokoni Rumonge hulishwa na rutuba hiyo.

SAMAKI WA KUANZIA

Ziwa hili lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alisafirisha samaki hai wa mapambo kutoka Burundi, na vitabu vyake vya mwaka 1978 na 1989 viliwafanya wajulikane sana. Mmoja wao, Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la brichardi mwaka 1974 kwa heshima yake, huitwa na wafugaji wa ng'ambo Binti Mfalme wa Burundi. Ni samaki mdogo, mwenye mapezi marefu na rangi ya kahawia laini, na wakubwa wa watoto wake husaidia kuwalinda wadogo zao. Huyu huvumilia makosa ya anayeanza. Atengenezewe mapango kwa mawe ya ufukweni yaliyooshwa, yaliyopangwa imara ili yasianguke juu ya kioo.

Askari, akiwa mlinzi wa sheria, ataanza yeye mwenyewe kwa kupata idhini ya wenye mamlaka ya uvuvi kabla ya kukamata samaki. Wala asirudishe ziwani samaki aliyetoka mahali pengine. Miamba ya ufuko huu hutenganishwa na mchanga na midomo ya mito, na samaki wa mwamba mmoja aghalabu ni tofauti kwa rangi na wa mwamba wa pili. Tofauti hiyo ilijengwa kwa maelfu ya miaka. Ndoo moja yaweza kuivuruga.

MWAMBA WA BAHARI

Askari wa Burundi waliohudumu Somalia kuanzia mwaka 2007 katika kikosi cha Umoja wa Afrika wameiona Bahari ya Hindi, na huenda baadhi yao wametamani kuwa na tangi la maji ya bahari lenye matumbawe. Linawezekana, lakini huko mvukizo ni mkali zaidi kwa matokeo yake. Maji ya bahari yana gramu zipatazo 35 za chumvi katika lita. Tangi la lita 200 lina gramu 7,000. Zikipaa lita 10 tu, kila lita iliyobaki itakuwa na gramu 36.8, zikipaa 20, zitafika karibu 39. Samaki wa Tanganyika hudhurika kwa miezi; matumbawe hudhurika kwa siku. Na kwa kuwa matangi ya matumbawe huachwa wazi chini ya taa kali, mvuke wake ni mwingi. Kanuni, hata hivyo, ni ile ile: hujalizwa kwa maji yasiyo na chumvi kabisa, kila siku, wala si kwa maji ya bahari.

MWENYE TANGI AKIWA SAFARINI

Tatizo kubwa la mfugaji aliye askari ni kwamba amri ya safari haingoji tangi. Leo yuko kituoni, kesho yuko doria ziwani au katika mkoa mwingine. Hapa yapo mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, piga mstari wa rangi nje ya kioo mahali maji yanapotakiwa kufika, na ubandike karatasi inayosema sentimeta moja ni lita ngapi. Hapo mke, mtoto au mwenzako wa kambini hatahitaji kukisia.

Pili, waweza kutumia chupa iliyopinduliwa, mfano wa ile ya kunyweshea vifaranga. Chupa ngumu iliyojaa maji ya mvua hufungwa imara juu ya tangi, mdomo wake ukigusa mstari. Maji yakishuka chini ya mdomo, hewa huingia na maji hutoka. Yakifika mdomoni, hukoma. Wenye uwezo hutumia boya lenye vali, kama lile la tangi la choo. Lakini chombo chochote cha namna hii kinaweza kuharibika. Basi akiba isiwe kubwa kuliko tangi linavyoweza kustahimili ikimwagika yote kwa mara moja. Katika tangi la bahari la lita 200, akiba ya lita 20 ikimwagika itashusha chumvi kutoka gramu 35 hadi chini ya 32. Ya lita 5 haitaleta madhara makubwa.

Tatu, weka daftari. Siku, lita zilizojalizwa, lita zilizobadilishwa: safu tatu tu. Askari amezoea kukabidhi zamu kwa maandishi, wala hakubali kupokea lindo kwa maneno ya "kila kitu kiko sawa". Tangi nalo likabidhiwe hivyo. Anayepokea akiona kwamba kwa majuma sita zimeandikwa lita za kujaliza pasipo hata lita moja ya kubadili, ataelewa mara moja wapi hatari inakotokea, ijapokuwa maji mbele yake yamejaa na yanang'aa.

Ziwa Tanganyika halina anayeliandikia daftari hilo, na mizani yake inapoelemea upande mmoja wakazi wa ufukweni huona. Mvua za miaka ya karibuni zilipozidi kile kinachopaa, na Lukuga usiweze kutoa ziada kwa haraka, ziwa lilipanda, nayo mitaa ya ufukweni ikafurika mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Hakuna askari awezaye kuamuru mvua wala mvuke. Lakini katika lita 200 za nyumbani mwake, yeye ndiye mvua na yeye ndiye mto Lukuga. Kilichopaa akirudishe kwa maji matupu, kilichochakaa akitoe, na asikubali jambo moja lishike nafasi ya jingine. Akifanya hivyo, samaki wake watazaa.